Dawa ya Mama, Mutoto Naye Anainywa

Mazungumzo na wamama siku ya kupima mimba na kupima watoto kilo

Ninajua wengine kati yenu mumetembea tangu giza. Wakati fishi zenu zinaandikwa, tuzungumze kidogo juu ya dawa.

Kwanza niwaulize. Nani hapa ana dawa nyumbani, ndani ya mufuko, ndani ya kopo ao chini ya godoro? Inua mukono, usiogope, hatutamukemea mutu. Munaona? Karibu mikono yote iko juu. Sasa, nani anajua jina la kila dawa ile, na kama inafaa kwa mwenye mimba? Eh, mikono imeshuka. Basi, ni sababu hiyo tunazungumza leo.

MIFANO YA WAMAMA WAWILI

Tuwaze mama mumoja mwenye mimba ya miezi 7. Mugongo unamuuma, na akienda kukojoa anasikia kuchoma. Siku ya soko anaona kijana mwenye beseni ya dawa, jua linaipiga. Anasema: "Kijana yangu, nipe dawa ya mugongo." Kijana anamupa kapsule za tetrasikilini na komprime za diklofenaki, zimefungwa ndani ya karatasi ya daftari. Kijana ameona tumbo, lakini hakuuliza kitu. Yeye anauza bizaa. Mama anakunywa siku tatu, maumivu yanapungua, anafurahi. Lakini ugonjwa wa mukojo haukupona. Baada ya siku kidogo homa inapanda, uchungu unaanza, na mutoto anazaliwa mbele ya mwezi wake.

Sasa tuwaze mama wa pili. Yeye alikuja kupima mimba, tukamupa komprime za feri za kuongeza damu, tukamwambia arudi kila mwezi kwa dawa ya malaria. Njiani jirani anamwambia: "Usikunywe ile dawa, mutoto atakuwa mukubwa sana, utashindwa kuzaa." Mama anaogopa. Anaweka komprime chini ya godoro, na siku ya kurudi anakwenda shambani. Siku ya kuzaa anafika kwetu na viganja vyeupe kama chokaa. Damu inayomutoka wakati wa kuzaa si nyingi, lakini mwili wake hauna akiba. Tunakimbia kutafuta mutu wa kumupa damu. Na mutoto, yule waliyesema atakuwa mukubwa, anazaliwa mudogo, kwa sababu malaria ilikuwa inamunyang'anya chakula tumboni.

Wamama, hawa wawili walipenda watoto wao. Mumoja alikunywa dawa bila kuuliza. Mwingine aliacha dawa bila kuuliza. Kosa lao ni moja. Wazee wetu walisema: kuuliza si ujinga. Neno hili ndilo ninataka mulibebe leo mupaka nyumbani.

NAMNA DAWA INAVYOFIKA KWA MUTOTO

Mutoto tumboni hali kwa kinywa. Anapata chakula kwa njia ya kitovu, na kitovu kimeshikamana na kondo, ile nyama inayotoka nyuma ya mutoto wakati wa kuzaa. Damu ya mama inafika upande mumoja wa kondo, damu ya mutoto iko upande mwingine. Hazichanganyiki, lakini chakula na hewa vinapita. Zamani watu walifikiri kondo ni kama ukuta, inazuia kila kitu kibaya. Hapana. Kondo ni kama kiteo. Unga unapita, na muchanga mudogo unapita pia. Dawa nyingi, pombe, na sumu ya tumbako vinapita.

Hata waganga wakubwa wa Ulaya walijifunza neno hili kwa machozi. Katika mwaka 1957, kule Ujeremani ya Magharibi, walianza kuuza dawa ya usingizi iliyoitwa talidomidi. Waliitangaza kama dawa isiyo na hatari. Wamama wenye mimba waliikunywa juu ya kichefuchefu na kukosa usingizi. Kisha watoto walianza kuzaliwa na mikono mifupi sana ao bila mikono, wengine bila miguu. Katika mwaka 1961 dokta mumoja wa Ujeremani, Widukind Lenz, na dokta mumoja wa Australia, William McBride, walionyesha kwamba dawa hiyo ndiyo ilileta mabaya yale, na mwisho wa mwaka uleule iliondolewa kule Ujeremani. Lakini watoto zaidi ya 10,000 katika inchi nyingi walikuwa wamekwisha kuumizwa. Mama zao hawakufanya ubaya. Waliambiwa dawa ni nzuri, na hakuna mutu aliyekuwa ameichunguza vizuri kwa wenye mimba.

MIEZI ILE TUNAYOIFICHA

Hapa kuna neno gumu. Moyo, kichwa, mikono na miguu ya mutoto vinaumbwa katika miezi 3 ya kwanza. Kwa dawa nyingi, miezi ile ndiyo yenye hatari kupita yote. Na miezi ile ndiyo sisi wamama tunaficha mimba! Tunasikia haya. Tunaogopa maneno ya watu, ao tunaogopa mwenye roho mubaya asije akaiharibu. Tunafunga kitenge vizuri, tunanyamaza. Basi ukipatwa na homa, muuguzi anakuandikia dawa kama mutu asiye na mimba, kwa sababu hajui.

Mama, hatukuombi utangaze mimba sokoni. Lakini muuguzi umwambie. Musogelee, useme kwa sauti ndogo: "Damu yangu ya mwezi imechelewa." Maneno yale yanatosha. Naye sherti alinde siri yako, ni kazi yake. Na kama hauna hakika, sema hivi hivi: "Labda nina mimba." Atakupima kwanza, kisha atachagua dawa.

DAWA ZA KUOGOPA

Sitaweza kutaja zote. Ninataja zile zinazopatikana sana sokoni na nyumbani.

Tetrasikilini na doksisikilini. Tetrasikilini inaingia ndani ya mifupa na meno ya mutoto yanayoumbwa tumboni. Meno yake ya kwanza yanaota na rangi ya manjano ao ya udongo, na brosi haiwezi kuisafisha. Doksisikilini ni ndugu yake, nayo usiikunywe kama muganga hakuamuru. Kama uko na ugonjwa unaohitaji antibiotiki, kuna nyingine, kama amoksisilini, ambazo muganga anaweza kukupa bila kuumiza mutoto.

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na indometasini. Hizi ni dawa za maumivu. Tangu mimba kufikia miezi 5, zinaweza kuumiza figo za mutoto na kupunguza maji anamoogelea. Katika miezi 3 ya mwisho zinaweza kufunga mbele ya wakati mushipa mumoja karibu na moyo wake, na aspirini nyingi inaleta hatari ya kutoka damu wakati wa kuzaa. Lakini sikilizeni: kuna wamama wenye hatari ya tansio ambao dokta anawapa aspirini kidogo kila siku. Kama ni dokta amekuandikia, usiiache. Ile ni kipimo kingine, na kazi nyingine.

Sindano ya streptomisini. Inaweza kuharibu masikio ya mutoto, azaliwe kiziwi. Mama mwenye kifua kikuu anatunzwa kwa dawa nyingine, naye asiache dawa zake, kwa sababu kifua kikuu kisichotunzwa kinaua mama na mutoto.

Dawa ya macho ya mutoni, ile Mectizan inayogawiwa vijijini na kupimwa kwa fimbo ya urefu. Ni dawa nzuri, imezuia upofu kwa watu wengi. Lakini mwenye mimba haipewi, wala mama aliyezaa juma moja halijaisha. Mugawaji wa dawa akifika kwenu, mwambie ukweli. Yeye ni jirani yako, unaweza kusikia haya. Basi muite pembeni. Utaipata kisha.

Dawa ya minyoo. Katika miezi 3 ya kwanza, hapana. Kisha miezi ile, muuguzi ndiye atakupa.

Tramadoli, na siro za kikohozi zenye kodeini. Watu wanauziana hizi juu ya uchovu na kazi nzito. Zinalaza mama na mutoto pamoja. Mutoto anazaliwa akiwa amezizoea, na pumzi yake inaweza kuwa hafifu.

Sindano na dawa za kuharakisha uzazi. Wamama, hii inaua. Mutu akikuchoma sindano ya uchungu nyumbani, ao akikupa majani ya kusukuma mutoto, tumbo la uzazi linaweza kukaza kwa nguvu kupita kiasi na kupasuka. Mutoto anakufa, mama anakufa. Dawa ile inatumiwa katika hospitali, tone kwa tone, na muzalishaji akisimama pembeni akisikiliza moyo wa mutoto.

Mafuta na sabuni za kufanya ngozi nyeupe. Utasema: "Ile hatuikunywi." Ndiyo, lakini ngozi inaikunywa. Nyingine zina zebaki, na zebaki inafika kwa mutoto. Acha kabisa.

Na pombe? Kasiksi, bia, ao dawa ya majani iliyochanganywa na pombe kali, yote ni pombe. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mutoto tumboni.

DAWA ZA KUPOKEA KWA FURAHA

Sasa nigeuke upande wa mama wa pili, yule aliyeacha. Kuna dawa ambazo mwenye mimba akizikosa, ndipo anaumia.

Feri na asidi foliki, kila siku. Zinaongeza damu. Mavi yatakuwa meusi. Usiogope, ni feri inayobaki. Kama tumbo linasumbuka, kunywa kisha chakula cha jioni. Usikunywe pamoja na chai, kwa sababu chai inazuia feri kuingia katika damu. Kula pia sombe, lengalenga, maharagi, na samaki kama unapata. Mutoto hawi mukubwa kupita kiasi kwa sababu ya feri. Anakuwa na damu, nawe pia.

Dawa ya kuzuia malaria, ile SP, komprime 3 kwa mara moja. Inaanza kisha miezi 3 ya kwanza, na tunakupa hapa, unaikunywa mbele yetu. Unarudi kwa nyingine mwezi ukipita, tena na tena mupaka kuzaa, isipungue mara 3. Utasema: "Lakini sina homa." Malaria ina werevu. Kwa mwenye mimba inajificha ndani ya kondo, mama hasikii kitu, na mutoto anakosa chakula. Ni yeye anayezaliwa na kilo 2 tu. Mama anayekunywa kotrimoksazole kila siku kwa sababu ya virusi vya SIDA hapewi SP, kwa hiyo tuonyeshe dawa zako zote.

Chanjo ya tetanosi. Inalinda mama, na inalinda mutoto mchanga juu ya kitovu chake. Haifungi kizazi. Wale wanaosema hivi wametia hofu kwa wamama wengi bure.

Dawa ya malaria yenyewe, kama unaugua. Usiseme: "Nitavumilia juu ya mimba." Malaria inaweza kutoa mimba kwa siku chache. Njoo tupime damu. Zamani katika miezi 3 ya kwanza tulitumia kinini. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia, OMS, linapendekeza artemeteri-lumefantrini hata katika miezi ile. Basi dawa iko kwa kila mwezi wa mimba. Ni sisi kuichagua na wewe kutuambia miezi.

Dawa za ugonjwa wa siku zote. Mama mwenye virusi vya SIDA, mwenye kifafa, mwenye tansio, mwenye sukari: usiache dawa zako siku unapojua una mimba. Njoo mbio. Dawa nyingine tutazibadili. Kwa mufano valproati ya kifafa inaweza kuharibu mutoto, na ni vizuri kuibadili hata mbele ya kuchukua mimba. Lakini kuacha siku moja kwa hofu yako mwenyewe kunaweza kukuangusha na kifafa ndani ya moto wa jiko. Na dawa za virusi vya SIDA, zikinywewa kila siku, ndizo zinalinda mutoto asiambukizwe.

Kwa kichwa kinachouma ao maumivu madogo, kuna parasetamoli. Komprime 1 ya milligrama 500, ao 2 kama maumivu ni makali, ungoje saa 6 mbele ya kukunywa tena, isipite mara 4 kwa siku. Tumia kwa siku chache tu. Na kama kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota, uso na mikono vimevimba, acha parasetamoli, njoo hospitali saa ileile. Ile ni tansio ya mimba.

WAMAMA WANAONYONYESHA

Sasa ninyi wenye watoto mugongoni. Dawa nyingi zinapita katika maziwa, lakini kwa sehemu ndogo sana, na hazimuumizi mutoto. Nasema tena: kwa dawa nyingi, mama anaendelea kunyonyesha. Parasetamoli, amoksisilini, feri, dawa za malaria tunazokupa, dawa za kifua kikuu, dawa za virusi vya SIDA: nyonyesha. Hata ibuprofeni, ambayo tulikataza kwa mimba, muganga anaweza kukupa kisha kuzaa.

Kwa nini ninarudilia? Kwa sababu tunaona mama anayeanza dawa, na mutu wa nyumbani anamwambia: "Maziwa yako sasa ni sumu, umupe chupa." Mama anaacha siku tano, sita. Maziwa yanapungua. Chupa haikuchemshwa, maji yametoka mutoni, unga wa maziwa umefanywa mwepesi kwa sababu feza ni kidogo. Mutoto anahara, macho yanaingia ndani. Dawa ya mama haikumugusa. Kuacha titi ndiko kulimuumiza. OMS inashauri titi peke yake miezi 6, bila hata maji, kisha titi pamoja na chakula mupaka miaka 2 ao zaidi.

Dawa za kukataza kunyonyesha ni chache, kama dawa za kansa. Nyingine zinahitaji uangalifu. Kodeini na tramadoli, usikunywe: kuna wamama ambao mwili wao unageuza dawa hizi kuwa kali sana, na mutoto analala asiamuke. Kloramfenikoli haifai kwa mama wa mutoto mchanga. Na kidonge cha kupanga uzazi, usikiazime kwa jirani. Kuna aina inayopunguza maziwa, na kuna aina inayofaa kwa anayenyonyesha. Tuulize.

Ukikunywa dawa, mutazame mutoto wako. Kama analala kupita desturi, hataki titi, anapumua polepole, ao ngozi imetoka vipele, mulete. Mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati, ao ambaye hajamaliza mwezi mumoja, tunamuangalia zaidi, kwa sababu ini na figo zake hazijapata nguvu ya kusafisha dawa.

TUHESABU KWA VIDOLE

Inueni mukono wa kushoto. Hata asiyejua kusoma atabeba somo hili kwenye mukono wake.

Kidole gumba: Ninasema. "Nina mimba ya miezi kadhaa," ao "Ninanyonyesha mutoto wa miezi kadhaa." Ninasema mbele ya kupokea dawa yoyote, kwa muganga, kwa muuguzi, hata kwa muuza farmasi.

Kidole cha pili: Ninaonyesha. Ninaonyesha fishi yangu na dawa zote ninazokunywa, za kizungu na za kienyeji.

Kidole cha tatu: Ninauliza. Dawa inaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Ngapi, mara ngapi, siku ngapi?

Kidole cha nne: Ninamaliza. Siachi katikati kwa sababu nimesikia vizuri, wala sigawi na jirani.

Kidole kidogo: Ninarudi. Kama damu inatoka, kama homa inapanda, kama mutoto hachezi tumboni, kama mwili unawasha kisha dawa, ninarudi hospitali bila kungoja siku ya kupima mimba.

MAULIZO YA WAMAMA

Ulizo: Mama muuguzi, mimi nilikunywa dawa za soko mbele ya kujua nina mimba. Nitoe mimba?
Jibu: Hapana, mama. Usifanye hivyo. Mara mingi hakuna ubaya uliotokea. Leta karatasi ao kopo ya dawa ile, utuambie ni mwezi gani na siku ngapi. Tutakupima vizuri, na hatutakukemea. Ubaya ungekuwa kunyamaza na kukaa na hofu peke yako.

Ulizo: Dawa ya majani imetoka kwa Mungu, haina sumu. Juu ya nini munaikataza?
Jibu: Majani yametoka kwa Mungu, ndiyo. Hata muhogo umetoka kwa Mungu, na ule muchungu tunauloweka kwanza kwa sababu una sumu. Dawa nyingi za hospitali zimetoka kwa miti. Kinini ni ganda la muti. Kwa hiyo majani yana nguvu, na kitu chenye nguvu sherti kiwe na kipimo. Majani ya kikombe hakuna mutu aliyeyapima. Ya kuingizwa kwa njia ya nyuma yanaunguza tumbo na kuamsha uchungu. Tuambie unayotumia, hatutakucheka.

Ulizo: Asubui ninatapika sana. Nisikunywe kitu?
Jibu: Kula kidogo kidogo, mara mingi. Weka kando ya kitanda kiazi kitamu kilichochomwa, ule mbele ya kuamuka. Chai ya tangawizi inasaidia wengi. Lakini kama kila kitu kinatoka, hata maji, na mukojo umekuwa mweusi, njoo. Tuna dawa ya kutapika inayofaa mimba, na tutakupa serumu.

Ulizo: Kituo cha afya ni safari ya saa tatu. Muuza dawa yuko karibu na nyumba yangu. Nifanye nini usiku?
Jibu: Ulizo zuri sana. Kama ni maumivu madogo, chukua parasetamoli na ungoje asubui. Kama ni homa, usikae: ubebwe hata kwa tipoyi ao kwa piki-piki, kwa sababu homa ya mwenye mimba haichezi. Na ukipita kwa muuza dawa, kidole gumba! Sema: "Nina mimba." Angalia kama dawa iko ndani ya karatasi yake yenye jina na tarehe. Dawa isiyo na jina, iliyochomwa na jua, iache.

Ulizo: Mama mukwe wangu ndiye anaamua mambo ya dawa nyumbani. Mimi nitasema nini?
Jibu: Usishindane naye. Mulete hapa. Yeye amezaa na kulea, ana akili nyingi. Tutamuheshimu na kuzungumza naye. Na baba wa mutoto vilevile, siku moja aje. Mimba ni ya nyumba nzima.

KWA KUMALIZA

Wamama, tulianza na wawili, mumoja aliyekunywa bila kuuliza na mwingine aliyeacha bila kuuliza. Kati ya hapa na nyumbani kwenu kuna soko, kuna majirani, kuna maneno mengi. Mutoto tumboni hawezi kusema: "Mama, hii inaniumiza," wala "Mama, ile unayoficha chini ya godoro ndiyo ninaihitaji." Kinywa chake ni kinywa chako. Sema juu yake.

Leo mukirudi, toeni ile mifuko ya dawa na makopo. Siku ya kupima ijayo muje navyo vyote hapa mezani. Tutavitazama pamoja, kimoja kimoja: hii endelea, hii tupa, hii uliza dokta. Hakuna atakayelipishwa kwa hilo, na hakuna atakayepata haya.

Mungu awalinde, awape kuzaa salama na kunyonyesha kwa furaha. Sasa mwenye fishi ya kwanza, karibu.